Kruza ya silinda sita, kabureta ya koo mbili na plagi tatu nyeupe

Hii kazi nataka niichambue yote maana huku kwetu Mtwara na Lindi bado zipo hizi Land Cruiser za zamani, zile FJ45 pikapu zenye injini F ya silinda sita za mstari, na wenye nazo karibu wote wamefika sehemu moja: kabureta ya asili imechoka, mhimili wa bataflai (kile kilango cha hewa ndani ya kabureta) unacheza, spea hamna, basi mtu anaambiwa funga kabureta ya Weber ya koo mbili uachane na shida. Mi naipenda sana hiyo kabureta na nimeona gari zimefufuka nayo, lakini ikifungwa vibaya inageuza injini nzima kuwa injini mgonjwa, afu lawama zinaenda kwenye jeti, vile vitundu vya kupimia petroli, jeti zinatobolewa, na hapo ndo mambo yanaharibika kabisa. Gari la Mwalimu lilipitia hayo yote, ndo maana nimelichagua.

Mwalimu ni mstaafu, anakaa Mikindani, shamba la korosho analo upande wa Tandahimba. Gari ni FJ45 ya mwishoni mwa miaka ya sitini, injini ni F ya sisi (cc) 3,878, manifodi ya kuingizia hewa, yaani bomba linalogawa mchanganyiko kwa silinda, ina tundu moja tu la duara katikati maana kiwandani ilikuja na kabureta ya koo moja. Kazi yake inajulikana, kuanzia mwezi wa tano inapandisha mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, na kuanzia mwezi wa kumi inashusha magunia ya korosho mpaka ghala la chama cha msingi. Kijana wake alinunua Dar kabureta ya koo mbili, kopi ya Weber 32/36, akaifungisha kwa fundi mmoja huko njiani, na tangu siku ile gari halijakaa sawa.

Alipolileta alikuwa na orodha. Sailensi, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, haitulii, ukishusha resi linazima. Ukikanyaga mafuta kuondoka linakohoa kwanza kama linataka kuzima afu ndo linashika. Likisimama juani dakika chache haliwaki mpaka ukanyage pedo mpaka chini, na harufu ya petroli haiishi. Mafuta linakula mpaka anaogopa kwenda shamba, kwa hesabu zake mwenyewe lita moja ilikuwa haimfikishi kilomita tatu na nusu. Ajabu ni kwamba na mzigo mlimani likikanyagwa mpaka mwisho linavuta vizuri tu. Shikeni hiyo ya mwisho, ndo ilinipa mwanga.

Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, afu akaniambia, "Mwanangu, hili gari limenisomeshea watoto wote, usije ukaniambia niliuze."

"Mwalimu, hatuuzi kitu. Tulifungue kwanza tuone lina nini."

Sasa kosa la kwanza la wengi ni kushika bisibisi na kuanza kuchezea skrubu za kabureta wakati injini yenyewe hawajui hali yake. Kabureta inavutwa na injini, kama injini haivuti sawasawa hakuna seti itakayokaa. Nikapima kompresheni silinda zote, zikawa zinakaribiana, hakuna iliyoanguka. Nikaseti tapeti (nafasi za valvu) injini ikiwa ya moto, za kuingizia 0.20 mm na za ekzosi 0.35 mm, mbili za ekzosi zilikuwa zimebana sana. Pointi za distribyuta nikaziweka 0.45 mm, kondensa mpya. Taimingi ya hii injini, yaani wakati wa kutoa cheche, ni digrii 7 kabla pistoni haijafika juu, na alama yake sio kwenye puli kama gari nyingi, iko kwenye flaiwili, kuna kipira kidogo cha chuma unakiona kwenye kidirisha ukimulika na taimingi laiti. Ilikuwa imerudishwa nyuma sana, nadhani mtu aliirudisha akijaribu kutuliza sailensi. Mpira wa vakyumu unaokwenda kwenye distribyuta, ule unaowahisha cheche kwenye mguu mwepesi, ulikuwa umechomekwa bolti, yaani haufanyi kazi kabisa. Hapo tu unapoteza mafuta mengi kwenye mwendo wa kawaida kabla hata hujaigusa kabureta.

Baada ya hapo nikaweka plagi mpya sita, nikaliendesha taratibu kwenye barabara ya Mikindani, mguu mwepesi tu, nikazima ghafla nikiwa mwendoni na gia ikiwa nyutro, nikaliacha lisimame pembeni nikachomoa plagi pale pale. Hii ni muhimu, ukirudi nayo gereji ikiwa sailensi plagi zinakusomea habari za sailensi na sio za barabarani. Nikazipanga kwenye boneti kwa mpangilio wake, namba moja upande wa redieta mpaka namba sita upande wa dereva. Moja, mbili na tatu nyeupe kama chokaa. Nne, tano na sita nyeusi, zina masizi ya ulaini ule wa mafuta kuzidi. Plagi za injini moja, kabureta moja, petroli moja, na nusu inakufa na njaa wakati nusu inazama.

Hapo fundi aliyetangulia alikuwa ameona zile nyeupe (au labda alisikia tu kukohoa) akaamua mafuta hayatoshi, akaongeza jeti. Ambaye angeona zile nyeusi angepunguza. Wote wangekosea, maana wastani wa hizo plagi sita ulikuwa karibu sawa tu! Tatizo lilikuwa mgao.

Injini ya silinda sita za mstari ni ndefu na kabureta inakaa katikati, kwa hiyo silinda namba moja na namba sita ndo ziko mbali kabisa. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukitoka kwenye kabureta sio gesi tupu, kuna matone, na matone ni mazito hayapendi kukata kona, yanakwenda kule yalikorushwa. Kwa hiyo mgao unaweza kuharibika kwa njia mbili. Ya kwanza kuna sehemu inavuta eya karibu na silinda fulani, hiyo silinda inapata hewa ya bure isiyo na mafuta. Ya pili kabureta yenyewe inarusha mchanganyiko upande mmoja. Zote mbili zinaweza kukupa plagi nyeupe upande wa mbele, na usipozitenganisha utakuwa unabahatisha.

Nikaanza na eya. Geji ya vakyumu (inapima mvuto wa injini) kwenye manifodi ilikuwa inasoma inchi 13 na sindano inatetemeka, wakati injini nzima huku usawa wa bahari inatakiwa iwe 17 au zaidi na sindano imetulia. Kwa kutafuta tundu watu wengi wanapulizia petroli au spirei ya kusafishia kabureta, mi sipendi kabisa kwenye hizi injini kwa sababu manifodi ya kuingizia imekaa juu ya manifodi ya ekzosi, ukipulizia pale unamwagia kitu kinachowaka juu ya chuma cha moto. Natumia maji, chupa ya kupulizia ile ya kawaida, unapulizia kidogo kidogo kwenye kila kiungo, ukifika penye tundu maji yanaziba kwa sekunde moja mbili na mlio wa injini unabadilika. Tukapata sehemu tatu. Chini ya pleti ya kuunganishia kabureta, gasketi ilikuwa ya karatasi la boksi. Mpira wa kuvuta moshi wa injini ulikuwa umepasuka chini usikoona. Na gasketi ya manifodi pale silinda namba moja.

Hiyo ya mwisho ina jambo lake. Kwenye injini F manifodi ya kuingizia na ya ekzosi zimefungwa pamoja katikati na zote zinatumia gasketi moja kwenye hedi. Zikikaa miaka zinapinda, na ukiweka gasketi mpya juu ya manifodi zilizopinda itakaa wiki chache tu ivuje tena. Unatakiwa uzifunge pamoja kwanza, bolti za katikati ukiwa umezilegeza kidogo, upeleke kwa mtu wa mashine azisawazishe uso zikiwa pamoja kama kitu kimoja, afu ukirudisha kwenye hedi ndo unakaza taratibu kuanzia katikati kwenda nje. Ndo tulivyofanya.

Geji ikapanda, sindano ikatulia, sailensi ikawa na nafuu. Nikaenda tena barabarani na plagi safi. Namba moja ilikuwa imepata rangi kidogo, lakini picha bado ile ile, mbele nyeupe nyuma nyeusi. Kwa hiyo eya ilikuwa nusu ya kesi.

Sasa ndo turudi kwenye lile neno la Mwalimu kwamba ukikanyaga mpaka mwisho linavuta vizuri. Hii 32/36 koo zake mbili hazifunguki pamoja. Koo ya kwanza ni ya mm 32, ndo inafanya kazi peke yake kwenye mwendo wa kawaida, na ya pili ya mm 36 inaanza kufunguka pale ya kwanza imefika kama theluthi mbili. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mwendo mdogo hewa inapita kwenye koo nyembamba kwa kasi, kasi inavuta petroli na kuivunja vunja vizuri, na ukitaka nguvu unapata koo ya pili. Kwa injini F, ambayo mwisho wa nguvu zake ni mizunguko 3,600 na kuvuta kwake kwa kweli kuko chini huko karibu na 2,000, huu ni mpango mzuri kweli kweli. Lakini maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya maisha yake injini inalishwa na koo moja tu. Sasa hiyo koo moja imekaa wapi juu ya manifodi?

Yule fundi alikata pleti ya kuunganishia akaiweka kabureta vile ilivyokaa rahisi kwa fimbo za aksileta, yaani koo zimepangana kwa urefu wa injini, ya pili upande wa redieta na ya kwanza upande wa dereva. Na mihimili ya bataflai ikawa imekatiza injini kwa upana. Kwa hiyo ukikanyaga kidogo mafuta yanatokea upande wa nyuma wa tundu, na bataflai yenyewe ikifunguka nusu inalala kwa mshazari na kuelekeza upepo upande mmoja. Nne, tano, sita zinashiba. Ukikanyaga mpaka mwisho koo zote mbili zinafunguka, bataflai zinasimama wima, mgao unarudi kuwa sawa na gari linavuta. Ndo ile siri.

Hii ni nadharia, inaingia akilini, lakini mteja hawezi kulipia pleti mpya kwa nadharia. Kuna jaribio rahisi: bolti nne za hiyo kabureta ziko kwa mstatili, unaweza kuigeuza nyuma mbele ikakaa kwenye pleti ile ile. Nikaigeuza, koo ya kwanza ikawa upande wa redieta, fimbo nikaziacha wazi, dogo anayejifunza kazi akashika aksileta kwa mkono kwenye resi kama 2,000 kwa muda, tukazima tukachomoa. Moja mbili tatu nyeusi, nne tano sita nyeupe. Nikamwita Mwalimu aje aangalie mwenyewe, nikampangia zile plagi za kwanza na hizi za sasa pamoja. Akazitazama kwa muda akasema, "Hii nimeelewa, tengeneza hiyo pleti." Mtu akionyeshwa ushahidi hana haja ya kubembelezwa.

Pleti mpya tukaichongesha ya aluminiamu. Mambo mawili nilisisitiza kwa mchongaji. La kwanza kabureta ikae imegeuzwa robo, mihimili ya bataflai iende sambamba na krenki, koo moja iwe upande wa hedi na nyingine upande wa nje. Ukifanya hivo koo zote mbili zinakuwa na umbali sawa kwenda mbele na kwenda nyuma, na ule mshazari wa bataflai unaelekeza upepo kwenye ukuta wa manifodi badala ya kuupeleka kwa silinda tatu fulani. Bado kuna upendeleo kidogo lakini ni wa upande, hauchagui mbele wala nyuma. La pili unene. Pleti ya zamani ilikuwa nyembamba na koo mbili zilikuwa zinamwagia ukingoni mwa lile tundu moja, ukipitisha kidole unakuta ngazi kabisa, na pale chini mafuta yalikuwa yametuama yameacha alama nyeusi. Petroli ikigonga ngazi inarudi kuwa matone, na matone yakikusanyika yanatiririka yanakotaka. Ya sasa tukaipa mm 25, na tundu zake zinaungana taratibu kwa mteremko mpaka zinalingana na tundu la manifodi, nikamalizia kwa tupa mpaka kidole hakikwami popote. Kati ya pleti na kabureta nikaweka kipande kinene cha bakelaiti kuzuia joto lisipande. Fimbo za aksileta hazikufika tena kwa hiyo tukaweka waya na ngowe yake, nikahakikisha pedo ikifika chini bataflai ya pili imefunguka yote na pedo ikiachwa zote zinarudi zenyewe. Usiondoke bila kuhakikisha hilo la kurudi, aksileta iliyokwama kwenye gari lenye magunia inaua watu.

Kabla ya kuwasha nikaangalia pampu. Pampu ya asili ilitolewa ikawekwa ya umeme ambayo sijui ilitoka gari gani, nikaipima presha ikawa juu ya 5 psi. Weber hizi zinataka kama 2.5 mpaka 3, ikipita 3.5 sindano ya floti, ile inayofunga petroli kabureta ikijaa, haiwezi kushikilia, petroli inapanda na kumwagikia kwenye koo na saa ingine inatoka nje kabisa. Na nje ni wapi? Ni juu ya manifodi ya ekzosi. Gari la Mwalimu lilikuwa linanuka petroli na akilisimamisha juani haliwaki, hiyo sio kero ya kuvumilia, hiyo ni gari inayosubiri kuungua na yeye ndani yake. Na ule mpira wa kurudisha mafuta tenki ulikuwa umezibwa, kwa hiyo petroli inakaa kwenye bomba karibu na injini inachemka. Nikaweka regyuleta, nikaiseti 2.5, nikaufungua mpira wa kurudishia ukiwa na kitundu chembamba ili mafuta yazunguke muda wote yakiwa ya baridi. Kiwango cha floti nikakirekebisha. Kilio cha kuwaka kwa taabu injini ikiwa ya moto kikaisha hapo hapo.

Sasa jeti, na hapa ndo naomba fundi mwenzangu usome taratibu. Kabureta hii ina saketi ya sailensi yenye jeti yake ndogo, inatoa mafuta kupitia kitundu cha skrubu ya mchanganyiko chini kabisa, na juu yake kidogo kuna vitundu vingine ambavyo bataflai ikianza kufunguka inavifunua kimoja baada ya kingine. Hivyo vitundu vya kupokezana navyo vinalishwa na jeti ile ile ndogo ya sailensi. Jeti kubwa haijaanza kazi bado. Yaani kuondoka, kutambaa mtaani, kupita kwenye mchanga, kuteremka na mzigo taratibu, karibu yote unaendeshea jeti ndogo. Mtu gari lake likikohoa kwenye kuondoka anatoboa jeti kubwa, wakati jeti kubwa hata haikuwepo kwenye hilo tukio.

Nikaangalia kwanza pampu ndogo ya aksileta, injini imezimwa, unachungulia kwenye koo unavuta mkono, mrusho wa petroli lazima utoke saa ile ile mkono unapoanza kusogea. Ulikuwa unatoka vizuri. Basi nikaenda kwenye skrubu. Utaratibu ni huu: injini imepata moto, choki imefunguka yote, skrubu ya mwendo unailegeza mpaka iachie kabisa afu unaikaza mpaka iguse tu, unaongeza nusu mpaka mzunguko mmoja, mwisho mmoja na nusu. Skrubu ya mchanganyiko unaikaza polepole mpaka ikae, usiibane itaharibu ncha, afu unairudisha nje mizunguko miwili. Unawasha. Unaikaza kidogo kidogo mpaka injini inaanza kudhoofika, unarudisha nje robo robo mpaka pale inapozunguka vizuri kuliko kote, basi unaishia hapo. Halafu unahesabu imetoka mizunguko mingapi. Kama ni kati ya moja na nusu na mbili na nusu jeti ya sailensi iko sawa. Zaidi ya mbili na nusu jeti ni ndogo, chini ya moja na nusu jeti ni kubwa.

Skrubu ya Mwalimu ilikuwa inataka zaidi ya minne na bado haijatosheka, na skrubu ya mwendo ilikuwa imekazwa sana ndo injini isizime. Hiyo picha inasema kitu kizima: jeti ndogo haitoi, kwa hiyo mtu kafungua bataflai ili injini iishi, bataflai ikifunguka vile vitundu vya kupokezana vinakuwa vimeshafunuliwa tangu sailensi, kwa hiyo ukikanyaga hamna cha kupokea, injini inapata hewa bila mafuta, inakohoa. Nikachomoa jeti, 45. Namba ya jeti ni kipenyo kwa sehemu mia za milimita, 45 ni mm 0.45. Kwa injini ndogo ya gari la mjini sawa, kwa sisi 3,878 ni kumnyonga mtu. Tukaagiza Dar zikaja na basi, 55, 60 na 65. Ya 55 ilikuwa bado, ya 60 ikakaa vizuri na skrubu ikaishia mizunguko miwili kasoro kidogo, sailensi ikashika 650 na unaweza kuweka glasi ya maji kwenye mudigadi. Kutoka 45 kwenda 60 unaona tofauti ndogo kwa namba, lakini eneo la tundu linaongezeka kama asilimia 78, maana unapiga kipenyo mara kipenyo.

Hesabu hiyo hiyo ndo inaonyesha ubaya wa kutoboa. Jeti kubwa ya koo ya kwanza ilikuwa imeandikwa 140 lakini drili ya mm 1.6 ilikuwa inapita bila kugusa, yaani eneo limeongezeka asilimia 30 hivi. Na drili inaacha mikwaruzo ndani na kuharibu ule mdomo uliochongwa kwa kipimo, hivo hata ukijua umetoboa ngapi hujui inapitisha ngapi. Nilizitoa nikaweka 140 zima pande zote, zile za zamani nikampa dogo azitunze kama mfano wa kufundishia wengine.

Halafu filta. Ile kubwa ya asili yenye mafuta chini ilikuwa imetupwa stoo kwa Mwalimu, juu ya kabureta imefungwa ndogo ya wavu wazi. Nilipofungua kifuniko vile vijeti vya hewa juu ya mirija vilikuwa na ukoko wa njano. Salfa. Unga wa salfa ni mwembamba sana na gari hili linabeba mifuko yake na kuingia shambani wakati watu wanapuliza, unapita kwenye wavu kama hakuna kitu. Kijeti cha hewa kikiziba nusu mchanganyiko unakuwa mzito wa mafuta, polepole, huoni siku moja, unaona tu gari linazidi kunywa kila msimu. Wengi huku wenye gari za shamba wanasumbuliwa na hili na hawajui, wanabadilisha jeti kumbe ilitakiwa filta. Tukairudisha ile kubwa kwa kuichongea shingo mpya, tukaisafisha, tukaijaza oili mpaka alama. Nikamwomba Mwalimu wakati wa kupuliza aikague kila wiki bila kusubiri sevisi.

Safari ya kupima tulikwenda njia ya Nanguruwe kuelekea Tandahimba, kule ardhi inapanda taratibu muda mrefu na ni mahali pazuri pa kuliona gari likifanya kazi, tukiwa na magunia nyuma. Kuondoka halikohoi. Kwenye mguu mwepesi plagi zote sita zilitoka na rangi ya kahawia nyepesi, namba sita nyeusi kidogo kuliko wenzake lakini sio ya kukutia wasiwasi. Mguu mpaka chini mlimani, nikazima nikachomoa tena, zikawa nyepesi zaidi lakini sio nyeupe. Ningeweza kupandisha jeti kubwa ya koo ya pili mpaka 145 nione, kwa kweli nilifikiria, ila mlio wa kugonga haukuwepo na joto lilikaa katikati kwa hiyo nimeacha. Kule juu kwenye uwanda hewa ni nyepesi kuliko huku pwani, mchanganyiko unanenepa kidogo wenyewe, sio wa kubadilishia jeti.

Matumizi Mwalimu anapima mwenyewe kwa dumu, anaandika kwenye daftari kama alivyokuwa anaandika mahudhurio, na msimu huu anasema lita moja inampeleka kilomita tano na kidogo akiwa na mzigo wa kawaida. Kwa injini hii na umri huu nimeridhika.

Kilichobaki ni valvu ya joto kwenye manifodi ya ekzosi, ile inayopeleka moshi wa moto chini ya manifodi ya kuingizia injini ikiwa ya baridi. Imeganda kwenye upande wa moto. Nimeipaka oili ya kupenya na kuigonga taratibu inasogea nusu tu, spirali yake imekatika. Kwa joto la huku afadhali ibaki upande wa baridi, kwa hiyo korosho zikiisha ghalani gari litarudi niifungue na kuifunga kwa waya upande huo, na tenki tulishushe lioshwe, maana petroli ya madumu ya vijijini imeacha kutu na maji chini, na filta ya kioo niliyoweka kabla ya pampu inaonyesha kabisa.